Bibi, kimea na mashine ya kusaga

Wiki ya tatu sasa natafuta kinu. Si cha unga wa ugali, ni cha kimea. Mimi na rafiki yangu mmoja niliyesoma naye chuo tumeamua kupika bia yetu wenyewe nyumbani hapa Tanga, ya kunywa sisi na washikaji, si ya kuuza. Sufuria tunayo, ndoo zenye mifuniko tunazo. Tumekwama kwenye kinu.

Ukisoma maelekezo ya Wazungu wanaopika bia majumbani, wanakuambia nunua kinu cha magurudumu mawili ya chuma yanayopasua nafaka bila kuisaga unga. Nilipojumlisha bei, usafiri na ushuru, nikaona mshahara wangu wa mwezi hautoshi. Na mshahara wa mwandishi wa gazeti mnaujua wenyewe.

Basi Jumamosi moja nikaenda Muheza kumsalimia bibi, mama yake mama. Nikamweleza shida yangu. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mume wangu," akaniambia, "mimi nimesomesha watoto wanne kwa pombe. Kinu sijanunua hata siku moja."

Wandugu, nilirudi mjini nikiwa na swali jipya. Pombe ya nafaka ilifikaje huku kwetu, na nani alikuwa anaisaga?

Tuanze na mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika salama karibu na Pangani ilikuwa 62 tu. Mwaka huohuo wa 1893 reli ikaanza kujengwa kutoka Tanga, ikafika Moshi mwaka 1911. Miche ile 62 ikazaa mashamba makubwa ya Tanga, Muheza, Korogwe na Pangani, na mashamba yakahitaji watu wengi kuliko waliokuwepo. Wakati wa Mwingereza, mwaka 1944, wenye mashamba wakaunda SILABU, chombo cha kuajiri vibarua kutoka mbali. Hao ndio tuliowaita manamba. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alitoka Songea mwishoni mwa miaka ya 1950, bibi akamfuata.

Pwani walikuta tembo la mnazi. Milimani Usambara walikuta boha ya miwa. Lakini mtu aliyezoea pombe ya ulezi au mahindi, akishakata mkonge kutwa nzima, anataka ya kwao. Mshahara wa shamba ulikuwa wa mwanamume. Mwanamke aliyetaka senti yake mwenyewe aliliona soko hilo mapema kuliko mtu yeyote. Bibi akaanza kupika ugimbi.

Sasa tuje kwenye kusaga, maana hapo ndipo jasho lilipo. Unaloweka ulezi, unauotesha mpaka uchipue, unauanika ukauke kabisa. Huo ndio kimea. Kisha lazima usagwe. Watu wa pwani walikuwa na kijaa, yale mawe mawili ya duara, la juu unalizungusha kwa mkono. Bibi alitumia la bara: jiwe pana chini, dogo mkononi, unapiga magoti na kusukuma. Anasema alianza kabla ya adhana ya alfajiri, na debe moja lilimmaliza siku.

Baadaye ikaja mashine ya dizeli jirani na kambi yao. Mgongo wa bibi ukapumzika. Lakini sikilizeni alivyonieleza: zamani mtaji wake ulikuwa nguvu zake, pesa ilikuwa inaingia tu. Mashine ilipokuja, pesa ilianza kutoka kwanza, kabla hajauza hata kikombe kimoja. Na mwenye mashine alikuwa mwanamume. Alipumzika mgongo, lakini sehemu ya faida ilihamia mfukoni mwa mtu mwingine.

Likaja Azimio la Arusha, 1967. Viwanda vikubwa vya unga vikataifishwa, tukapata NMC. Mwaka 1968 ikaja sheria ya vileo, na anayeuza pombe ya kienyeji alitakiwa awe na leseni. Bibi hakuwa nayo. Anakumbuka mgambo wakimwaga pipa zima mbele ya wanawe. Kisha ikaja ile miaka migumu baada ya vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Dizeli hakuna, vipuri hakuna. Mashine ikanyamaza.

Bibi akarudi kwenye jiwe lake. Hakuwa amelitupa.

Katikati ya miaka ya 1980 serikali ilirudisha ada za sekondari. Mama yangu ndiye mtoto wa mwisho. Alimaliza kidato cha nne kwa ada iliyosagwa kwenye jiwe lile. Nami nimepita chuo kikuu kwa sababu mama alikwenda shule. Tunaposimulia historia ya mkonge tunahesabu tani, kwamba mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000. Wanaosaga kimea hatuwahesabu, wakati kuna nyumba nyingi Tanga zilizosimama kwa kazi yao.

Turudi kwenye kinu changu. Nilichojifunza ni kwamba unachagua kinu kwa kuangalia nafaka yako. Shayiri ina ganda linaloshikamana na punje, na ganda hilo ndilo chujio wakati wa kukamua maji ya kimea. Ndiyo maana Wazungu wanataka magurudumu yasiyolichana. Ulezi na mtama vikishapurwa havina ganda la namna hiyo, na ulezi ni mdogo kiasi kwamba unaweza kupita katikati ya magurudumu bila kuguswa. Pombe zetu tunazichuja kwa chujio la nje, na zikiwa nzito hatugombani. Kwa hiyo kinu cha gharama hakina kazi kwangu.

Mashine ya mtaani nayo ina nyundo na chekeche. Inatoa unga laini, na ukitaka bia nyepesi utaishia kuchuja uji. Kinachonifaa ni kinu cha chuma cha mkono chenye sahani mbili na skrubu ya kulegeza au kukaza. Cha mitumba kinapatikana, na bei yake nimeimudu. Jambo moja usilifanyie ubahili: kimea kikiota ukungu, tupa. Sumukuvu haiishi kwa kuchemshwa.

Kabla sijalipia, nilirudi Muheza nikamwomba bibi nijaribu jiwe. Nilisaga nusu saa. Viganja vikatoka malengelenge, na nilichopata hakikujaza bakuli. Bibi alikaa kwenye mkeka akinitazama, hakucheka tena.

"Acha," akasema. "Umeshajua."

Kinu nimekinunua jana. Jiwe nimemwomba bibi asimpe mtu. Nyumbani kwenu je, nani alisaga?