Saa ya Kakesio iko kwenye majivu

Wadau, Kakesio ni kata ya Ngorongoro, kusini-magharibi, mbele ya Endulen. Watalii wengi hawafiki. Wanashuka kreta, wanapiga picha za faru, wanarudi Karatu kulala. Hawajui kuwa makorongo ya kule yana saa.

Nasema saa kweli kweli. Fundi wa kompyuta atakuambia vifaa ndani ya mashine haviwezi kuelewana mpaka uchague saa ya kufuata, na saa yenyewe ni kipande cha fuwele. Waliotafuta umri wa binadamu walikuwa na swali hilo hilo: tufuate saa ipi?

Mary Leakey alipoliona fuvu la Zinjanthropus pale Olduvai, Julai 17, 1959, mumewe Louis alilikadiria miaka kama 600,000. Makadirio tu. Mwaka 1961 Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakaja na saa ya potasiamu. Jibu? Miaka milioni 1.75. Karibu mara tatu!

Iko hivi. Potasiamu-40 hupungua kwa nusu kila miaka bilioni 1.25, na sehemu yake hugeuka gesi ya agoni. Volkano ikilipuka, joto hufukuza agoni ya zamani: saa inaanza sifuri. Majivu yakipoa, fuwele zake hufungia agoni mpya, nawe unaipima. Kasheshe ni pale majivu yanapochanganyika na fuwele za miamba ya kale. Hapo saa inakudanganya, umri unakuwa mkubwa mno. Ndiyo maana siku hizi hupimwa fuwele moja moja, baada ya kuchambuliwa kama mchele.

Mwaka 1976 tabaka za Laetoli, jirani na Kakesio, zilitangazwa kuwa na miaka kati ya milioni 3.59 na 3.77. Vipimo vya baadaye vikaziweka zile nyayo maarufu kwenye milioni 3.66. Zana za mawe za kale zaidi tunazozijua, za Lomekwi kule Kenya, zina milioni 3.3. Maana yake walitembea wima kabla ya zana yoyote tuliyoipata. Saa ikikosea, hoja yote inaanguka.

Na Kakesio? Pale zimefichuka tabaka za chini zaidi, zenye zaidi ya miaka milioni 3.8, na mifupa ya wanyama imo. Kakesio imezitangulia nyayo! Shuleni mimi nilifundishwa Olduvai na Laetoli. Kakesio nililisikia kwanza kama jina la kata, kwenye matokeo ya uchaguzi.