Wanywa Maziwa na Siri ya Moyo

Kericho na Bomet, mursik, maziwa ya mgando ya Wakipsigis, huandaliwa ndani ya sotet, kibuyu kinachosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet ili maziwa yapate rangi ya kijivu na harufu ya moshi. Mzee akiambiwa ana mafuta mengi kwenye damu, huuliza: mbona babu zetu waliyanywa wasiugue?

Swali hilo liliwasumbua wanasayansi pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, A. Gerald Shaper wa Makerere aliwapima Wasamburu, wafugaji wa maziwa na nyama, akakuta kolesteroli yao iko chini na presha haipandi kwa umri. Mwaka 1964 George Mann, Mmarekani, akaeleza hali kama hiyo kwa Wamaasai wa Tanganyika. Je, ni kule kutembea kutwa nyuma ya ng'ombe, au ni urithi? Mwaka 1971 Biss na wenzake wakasema mwili wa Mmaasai hujipunguzia kolesteroli unayotengeneza pale chakula kinapoileta kwa wingi.

Kisha likaja jambo ambalo wengi hulisahau. Mwaka 1972 Mann alichapisha uchunguzi wa mioyo ya Wamaasai 50 waliofariki. Mafuta yalikuwa yameganda kwenye mishipa yao sawasawa na ya wazee wa Marekani. Ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana, damu ikapita. Kwangu mimi, hapo ndipo hoja ya "damu yetu inatukinga" inapovunjika. Na kama siri ni kule kutembea nyuma ya ng'ombe, huku kwetu malisho ya Wakipsigis yalikuwa yamenyakuliwa kuwa mashamba ya chai tangu miaka ya 1920.

Jeni zenyewe zilichelewa kusomwa. Kolesteroli husafiri kwenye damu ikiwa imefungashwa ndani ya lipoprotini, na ini huzinasa kwa vipokezi vyake. Mwaka 2006 Helen Hobbs na Jonathan Cohen wa Texas walionyesha kwamba asilimia 2.6 ya Wamarekani weusi waliochunguzwa walirithi jeni ya PCSK9 iliyo mbovu; ikiwa nzima, jeni hiyo hutengeneza protini inayoharibu vipokezi hivyo. Kolesteroli yao mbaya ilikuwa chini kwa asilimia 28, na maradhi ya mishipa ya moyo kwa asilimia 88. Jirani zetu wa Kyamulibwa, Uganda, walisubiri hadi 2019 jeni za watu wapatao 6,400 zichapishwe katika jarida la Cell.

Sindano za kuzuia PCSK9 ziliidhinishwa mwaka 2015. Kwa sehemu zimetokana na uchunguzi wa urithi wa watu wenye asili ya Afrika, na inaniuma kwamba mchuma majani chai wa Kericho hawezi kuzinunua kwa mshahara wake.