Majaribio ya programu: Ya dakika moja na ya saa nzima

TANGU msimu wa 2024/2025, korosho ghafi za Masasi na Newala zinauzwa kwa mnada wa kompyuta, kupitia mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Magunia hutoka vyama vya msingi na kuingia ghalani, chini ya MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa upande wa Newala. Wanunuzi hutoa bei kwa mtandao, nao wakulima huikubali au huikataa. Programu ya namna hii ikikosea hesabu, anayeumia ni mwenye magunia.

Kwa sababu hiyo waandishi wa programu hutunga majaribio yanayojiendesha, yaani programu ndogo zinazoikagua ile kubwa. Majaribio hayo yaweza kufika maelfu. Yakichukua saa tatu, hakuna atakayeyaendesha kila anapobadili mstari mmoja. Atayaruka, na kosa litapita.

Dawa yake ni kuyapanga kwa muda. Mgawanyo mashuhuri ni wa kampuni ya Google, iliyoueleza hadharani mwaka 2010. Bazel, chombo chake cha kuundia programu kilichotolewa kwa umma mwaka 2015, huweka kikomo cha sekunde 60 kwa jaribio dogo, 300 kwa la kati, 900 kwa kubwa na 3,600 kwa kubwa mno. Linalozidi kikomo husimamishwa na kuhesabiwa kuwa limeshindwa.

Muda huo ni dalili ya kile jaribio linachogusa. Dogo halitoki nje ya programu: kilo 1,250 kwa bei ya shilingi 3,000 zilete shilingi 3,750,000, basi. La kati huandika bei kwenye hifadhidata iliyo ndani ya kompyuta ileile. Kubwa huigiza mnada mzima, wanunuzi wakishindana na mtandao ukikatika katikati.

Wakaguzi wa ubora wa korosho hawatauona utaratibu huu kuwa mgeni. Kipimo cha unyevu hujibu papo hapo. Kukata sampuli na kupima kokwa huchukua muda, na gunia lililolowa halina haja ya kusubiri kisu.

Kwa kawaida madogo huendeshwa kila badiliko, makubwa usiku. Hayo ya usiku ndiyo husahaulika, matokeo yakikaa bila kusomwa. Lakini kosa linalotokea wanunuzi wawili wanapotoa bei ileile katika sekunde moja halionekani katika jaribio dogo, hata likirudiwa mara elfu.