Wasomi na Wanavijiji: Fundisho la Nairobi

Mapambano ya wanyonge hayaanzii chuoni. Mwaka 1996 wakazi wa mitaa ya mabanda ya Nairobi, wakipinga kufukuzwa na kubomolewa nyumba, waliunda Muungano wa Wanavijiji. Baadaye wanafunzi wa vyuo vikuu walishirikiana nao kukusanya takwimu na kuandaa mipango ya Mathare na Mukuru. Takwimu zikafichua unyonyaji: mkazi wa Mukuru alilipia maji bei kubwa kuliko mkazi wa mitaa ya wenye nacho. Agosti 2017 serikali ya kaunti iliitangaza Mukuru eneo maalumu la mipango.

Tujifunze nini? Mwanafunzi huhitimu akaondoka; wananchi hubaki. Basi takwimu zisizobaki mikononi mwao, hata zikikusanywa kwa nia njema, ni unyonyaji mwingine.