Safari ya Magari Ilikuwa ya Nchi Tatu

Jamaa wakikutana, harusini au sikukuuni, haipiti saa wazee hawajaanza kubishana juu ya mashindano ya Safari: nani alishinda mwaka gani, na gari gani lilikuwa gumu kuliko jingine. Vijana wetu waliozaliwa huku Uingereza husikiliza kwa adabu, kisha huuliza, "Lakini hayo si mashindano ya Kenya?" Wahariri wa kitabu hiki wamenitaka niandike machache juu ya historia yake, na jibu langu kwa vijana ni hili: yalikuwa mashindano ya Afrika Mashariki nzima. Jinsi yalivyokuja kuwa ya Kenya peke yake ni habari inayotuhusu sisi wenyewe.

Yalianza mwaka 1953, ili kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Inasimuliwa kwamba Eric Cecil wa Nairobi alimshawishi binamu yake, Neil Vincent, aingie katika mbio za kuzunguka uwanja. Binamu akamjibu kuwa haoni raha ya kuzunguka mahali pamoja. Afadhali mashindano ya kukata nchi, mtu atoke mlangoni kwake aende mbali na kurudi. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika kwa njia moja.

Sharti la mwanzo lilikuwa zuri sana. Magari yawe kama yanavyouzwa dukani, bila kubadilishwa, na yapangwe katika madaraja kwa bei yake. Mwaka ule wa kwanza hakutangazwa mshindi wa jumla. Mwaka 1954 Vic Preston na D.P. Marwaha walishinda kwa Volkswagen ndogo, ile ya mgongo wa kobe. Tangu hapo watu walifanya Safari kuwa mizani ya kupimia magari. Mtu akitaka kununua gari la kazi huuliza kwanza: limemaliza Safari? Peugeot 404 ilijipatia heshima yake kwetu kwa njia hiyo hiyo.

Kwa faida ya wasioyajua, haya hayakuwa mashindano ya kukimbizana bega kwa bega. Kila gari liliondoka peke yake, dakika chache baada ya lililotangulia. Kulikuwa na vituo njiani, na kila kituo kilipangiwa saa ya kufika. Ukichelewa dakika, unaandikiwa alama. Mwenye alama chache ndiye mshindi. Barabara hazikufungwa. Dereva alikutana na basi, ng'ombe, baiskeli na mama mwenye mzigo wa kuni. Zaidi ya hayo, kwa miaka mingi mashindano yalifanyika wakati wa Pasaka, mvua za masika zikianza. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na mara hii pia yakamaliza 7 tu. Mara zote mbili walioshinda walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, katika Peugeot 404.

Mimi nilikulia chini ya milima ya Usambara, na nilikuwa mmoja wa watoto waliosimama kando ya njia. Gari likizama topeni, wanaume waliacha majembe wakalisukuma. Hakuna aliyeuliza dereva ni wa kabila gani au anatoka nchi gani. Lakini ukweli usemwe: waliokaa kwenye usukani walikuwa zaidi Wazungu na Wahindi, na sisi Waafrika tulikuwa wasukumaji, mafundi na watazamaji. Gari na gharama zake havikuwa vya kila mtu. Ilikuwa furaha kubwa mwaka 1994 Patrick Njiru wa Kenya alipomaliza wa nne akiendesha Subaru.

Hata hivyo, kila nchi ilikuwa na wake wa kujivunia. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, fundi wa magari, alishinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant katika Volvo iliyokwisha kutumika. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, na watu wakamwita Simba. Tanzania ilikuwa na Bert Shankland wa Dar es Salaam, aliyeshinda na Chris Rothwell mwaka 1966 na 1967. Uganda ilimtoa Shekhar Mehta, mshindi wa 1973, na tena miaka minne mfululizo kutoka 1979 hadi 1982. Kwa karibu miaka 20 wageni walikuja na fedha na mafundi wao, wakarudi mikono mitupu, hadi Hannu Mikkola wa Finland alipowashinda wenyeji mwaka 1972.

Mwaka huo huo wa 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia kutoka Uganda. Ukoo wa Mehta ulikuwa miongoni mwa walioondoka, na ndugu zetu wengine waliomo katika kitabu hiki wanaikumbuka safari ile bila kuhitaji kuambiwa. Mwaka 1974 maneno "Afrika Mashariki" yaliondolewa katika jina la mashindano, na katikati ya miaka ile njia zikawa za Kenya tu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Shangazi wa Mombasa na mpwa wake wa Tanga walitenganishwa na mpaka uleule uliokuwa umekwisha kuyazuia magari.

Mashindano yaliendelea Kenya, yakatoka katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, yakarejea 2021 katika eneo la Naivasha. Tunawapongeza Wakenya kwa kuyatunza. Lakini Mehta alifariki London mwaka 2006, na Joginder Singh naye akafariki London mwaka 2013. Basi kijana asidhani habari hizi ziko mbali naye.

Wazee wangu, picha za magari yaliyojaa tope mnazo masandukuni. Andikeni nyuma yake mwaka, kijiji na majina ya waliosimama kando ya njia. Majina ya madereva yamekwisha kuandikwa vitabuni. Ya wasukumaji hayana mwandishi ila nyinyi.