Umetokea Wapi, Picha Gani Ilikutoa?

Ukikaa na watu wa filamu Dar es Salaam usiku, kazi imekwisha na kwenye sahani vimebaki vijiti vya mishikaki, kuna maswali mawili hayakosi. La kwanza ni "Wewe umetokea wapi?" Hapo hawaulizi mkoa wala kabila. Wanataka kujua ulikuwa unafanya nini kabla ya kamera. La pili ni "Picha gani ilikutoa?" Yaani filamu ipi ndiyo iliyokufanya ujulikane. Maswali ni mawili, kitenzi ni kimoja. Kutoka ni kuacha mahali ulipokuwa, na katika Kiswahili cha wasanii wa leo kutoka ni kufanikiwa: "Jamaa katoka", "Niombeeni na mimi nitoke." Na fani yenyewe tunasema tunaiingia. Mtu anatokea mahali, anaingia kwenye filamu, ndipo anatoka.

Nalipenda neno hili kwa sababu linasema ukweli wa kazi hii. Udaktari una mlango mmoja unaojulikana, na urubani vilevile. Filamu imeingiliwa kutoka jukwaani, harusini, redioni, kiwandani, na kila aliyeingia alikuja na maneno ya alikotoka. Ukitaka kujua historia ya watu wa filamu wa kwetu, sikiliza wanavyoziita kazi zao.

Chukua waliotokea kwenye vikundi vya maigizo. Steven Kanumba, aliyezaliwa mwaka 1984 na kufariki Aprili 2012, alitokea Kaole, kikundi ambacho tamthilia zake zilikuwa zikirushwa na ITV. Vincent Kigosi, maarufu kama Ray, naye ni wa Kaole. Watu wa vikundi hivi hawakusema wanafanya filamu. Walisema wanacheza mchezo, na walipohamia kwenye filamu walihama na kitenzi chao: "Amecheza kwenye picha ile", "Kacheza kama mama mkwe." Kiswahili cha vitabuni hupendelea kuigiza, ambako kumetokana na kuiga. Mimi nasimama na kucheza. Anayeiga anabaki nje ya kitu anachokiiga, anakitazama na kukirudia. Mcheza ngoma haigi mtu. Anaingia ndani ya mdundo mpaka mdundo unamchukua. Na mwigizaji anapolia mbele ya kamera hadi wapiga picha wenyewe wanageuza nyuso, hapo hakuna kuiga tena.

Mlango wa pili ni harusi, na huu hauheshimiwi inavyostahili. Wapo wengi walioshika kamera kwa mara ya kwanza kwenye kumbi za harusi, na shule ile ni ngumu. Niliwahi kukaa meza ya pembeni nikamtazama mpiga video mmoja kuanzia maharusi wanaingia hadi keki inakatwa. Kamera begani, jicho moja limefumbwa, anatembea kinyumenyume mbele ya maharusi bila kugeuka hata mara moja. Nyuma yake kijana mdogo amemshika mkanda wa suruali, anamvuta taratibu, akimkwepesha viti, nyaya na watoto. Mshereheshaji hajamaliza kumtaja shangazi wa bibi harusi, mpiga video ameshamfikia, kwa sababu alishamsoma tangu mapema kwamba huyu atalia. Na kweli alilia. Katika harusi hakuna kurudia. Ukilikosa chozi, umelikosa.

Mkanda ule wa suruali nimeukumbuka miaka yote, labda kwa sababu kanda ya video nayo tuliiita mkanda. "Leteni mkanda mwingine, huu umeisha." Leo picha zinaingia kwenye kikadi kidogo kuliko ukucha, lakini wazee bado wanasema wameuona mkanda wa harusi ya fulani. Kitu kimekufa, neno linaishi, na ndani yake anaishi yule kijana aliyekuwa anavuta.

Mpiga video huyo akiingia kwenye filamu anaitwa mpiga picha, jina lilelile la anayepiga za pasipoti barabarani. Kuna wanaoona hii ni dhuluma na wanatafuta cheo kirefu zaidi chenye neno mkurugenzi ndani yake. Sikubaliani nao. Kupiga ni kitenzi cha kazi za mkono: tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga msumari, tunapiga lipu. Mkurugenzi ananukia meza na muhuri. Anayesimama juani kutwa akisubiri wingu lipite ili mwanga ufanane na wa asubuhi ni mpiga picha, na hilo ni jina zito.

Penye ubishi wa kweli ni kwa yule anayeitwa dairekta. Kwenye makasha ya filamu za Tanzania utasoma "Imeongozwa na", na mtu huyo ni mwongozaji. Kenya utamsikia zaidi mwelekezi. Nimewahi kuwasikia watu wakigombana nani yuko sahihi, kama vile lazima mmoja akosee. Tuyatazame maneno yenyewe. Kuongoza ni kutangulia, wengine wafuate. Ni jamaa wa kuongoa na kuongoka, maneno ya mtu aliyewekwa kwenye njia. Kuelekeza ni kusimama ulipo ukanyoosha mkono: fuata njia hii, ukifika kwenye mwembe pinda kulia. Sasa mkumbuke mtu na alikotokea. Aliyetoka kwenye uigizaji huongoza. Mwigizaji akishindwa, yeye anaingia katikati, analia mwenyewe, anaanguka mwenyewe, kisha anasema "Hivyo, umeona?" Aliyetoka kwenye uandishi au darasani mara nyingi huelekeza. Hagusi kitu. Anamvuta mwigizaji kando, anamnong'oneza jambo moja, na jambo hilo linatosha. Lugha yetu imetupa majina mawili kwa sababu kazi yenyewe ina njia mbili, na ningehuzunika sana baraza lolote likifuta moja.

Prodyuza ana mkasa wake, nitaupitia haraka. Neno hili lilizoeleka kwanza kwenye Bongo Fleva, ambako prodyuza ni mtu wa studio, anayetengeneza mdundo kwa vidole vyake. Lilipovuka kwenda kwenye filamu likamkuta mtu mwingine kabisa, anayetafuta fedha, magari na chakula cha kundi zima. Vijana waliotokea muziki wamejikuta wakigombea cheo ambacho kila mmoja anakielewa kivyake. Mtayarishaji linamfaa zaidi huyu wa pili: kutayarisha ni kufanya kitu kiwe tayari kabla wageni hawajafika.

Kuna mlango mwingine wa zamani ambao hatuutaji, na si wa kujivunia. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, Waingereza waliendesha jaribio la sinema kwa ajili ya Waafrika, likatoa filamu 35. Aliyesimamia upigaji wa filamu hizo, L. A. Notcutt, alitokea kwenye usimamizi wa mashamba ya mkonge, na huko ndiko alikopata wazo kwamba sinema inaweza kuwatuliza vibarua. Filamu zilizungushwa kwa lori, sauti ikitoka kwenye santuri, na kati ya lugha zilizotumika kulikuwa na Kiswahili. Kwa hiyo mmoja wa watu wa kwanza kutengeneza filamu katika nchi yetu alizitengeneza kwa jicho la nyapara. Ninalitaja kwa sababu alikotokea mtu hakubaki nyuma yake. Huingia naye kwenye picha.

Lakini huingia naye kwa heri pia. Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa mwashi na fundi wa magari kabla ya kuwa kuli bandarini Marseille, Ufaransa. Akaandika riwaya, akaona kwamba watu aliokuwa anawaandikia wengi wao hawasomi Kifaransa, naye umri ukikaribia miaka 40 akaenda Moscow kujifunza filamu. Mwaka 1963 akatoa Borom Sarret, filamu fupi ya mwendesha mkokoteni wa farasi jijini Dakar. Tazama anavyopigwa picha yule mchukuzi, jinsi mgongo na mikono yake inavyopewa muda. Anayetazama pale ni mtu aliyebeba mizigo.

Jirani yetu Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, aliyetoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, alifyatua matofali ili apate fedha za vifaa. Sembène alijenga, Nabwana alifyatua. Sitaki kulifanya tofali kuwa fumbo, ila linanileta kwenye neno ninalolipigania.

Neno hilo ni fundi. Lina ukoo mkubwa: kufunda, kufunza, kufundwa, mkufunzi, mwanafunzi. Ukilisikiliza vizuri, mwanafunzi ni mwana wa kufundwa, kijana aliye chini ya mikono ya mwingine, kama yule aliyeshika mkanda wa suruali. Siku hizi tumewatenga. Mwanafunzi amepelekwa shule, fundi ameachwa gereji. Na kwenye filamu utengano huu umezaa maneno ya kuumizana: "Yule hajasomea", "Huyu kasomea lakini hajui kazi." Amil Shivji alisomea filamu Toronto, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2021 akatoa Vuta N'Kuvute kutokana na riwaya ya Adam Shafi. Ukiitazama ile filamu, mwanga unavyoingia kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, utaona kwamba kusomea kulikwenda kukawa ufundi. Darasa na gereji ni nyumba moja yenye milango miwili, na mzizi wa neno umekuwa ukituambia hivyo siku zote.

Mhariri naye angefaidika na ufundi kidogo. Jina lake limetoka kwenye magazeti, na ni zuri; hariri ni kusahihisha maandishi, na hariri pia ni kitambaa laini kuliko vyote. Lakini nikimwona anavyokata na kuunga, anavyosogeza kipande kidogo mbele, kidogo nyuma, namfikiria fundi cherehani aliyeuma pini mdomoni.

Siwezi kuacha kibanda umiza, yaani banda la video la mtaani, ambacho kimetoa watu wengi kuliko tunavyokubali. Mabenchi ya mbao, joto, televisheni moja na spika mbili, na juu ya sauti ya filamu ya Hong Kong au ya India inasikika sauti ya mtu wa kwetu. Kwa Tanzania jina kubwa lilikuwa Lufufu. Kwa Kenya ni DJ Afro. Kwenye kasha iliandikwa "Imetafsiriwa na", lakini tafsiri ilikuwa sehemu ndogo ya kazi. Mtafsiri anampa steringi, yaani shujaa wa picha, jina la mtaani, anatangulia kukuonya kwamba adui yuko nyuma ya mlango, anamcheka anayekimbia. Huyu ni msimulizi, ndugu wa bibi anayesimulia hadithi jioni. Nabwana mwenyewe, utotoni, filamu alizijua kwa kusimuliwa na kaka zake kabla hajaziona. Na katika Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyotoka 2018, kijana mwendesha banda la video ndiye anayeshika kamera kijiji kinapoamua kumtengenezea filamu mtoto mgonjwa. Sikushangaa. Aliyezoea kusimulia picha za wengine siku moja atataka kusimulia yake.

Sasa niseme linaloniuma. Filamu inazungumza Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha majina yanaanza kupanda kwenye kioo, na kila kazi imeandikwa kwa Kiingereza. Niliwahi kuketi kwenye uzinduzi wa filamu moja karibu na mama mtu mzima aliyekuja kumwona mwanawe. Kijana hakucheza. Alikuwa nyuma ya kamera. Mama akavumilia saa nzima na nusu, majina yakaanza kupita, akaliona la mwanawe, akashangilia, kisha akamgeukia.

"Hapo wamekuandika nani?"

Kijana akasita. "Ile fimbo ndefu, mama, yenye maiki yenye manyoya. Mimi ndiye niliyekuwa naishika."

"Kwa hiyo sauti zote hizi umezikamata wewe?"

"Ndiyo, mama."

Mama akafikiri kidogo. Alikuwa wa kizazi cha michezo ya redio, ambayo mwishoni ilikuwa lazima umsikie fundi mitambo akitajwa kwa jina, pamoja na waigizaji. "Basi wewe ni fundi sauti," akasema. "Wameogopa nini kuandika?"

Nilikutana na kijana yule tena miezi kadhaa baadaye. Alikuwa amelipeleka swali la mama yake kwa mwenye filamu iliyofuata, naye akapinga kwanza: picha inakwenda kwenye matamasha ya nje, majaji hawataelewa. Wakabishana siku mbili, mhariri akiwa anasubiri. Mwishowe waliandika mistari miwili kwa kila jina, Kiingereza chini, maandishi madogo, na Kiswahili juu.