Koti Jeupe la Louvre

Asubuhi ya Jumapili, 19 Oktoba 2025, lori lenye ngazi ya kunyanyuka liliegeshwa chini ya ukuta wa jumba la makumbusho la Louvre, Paris, upande wa mto Seine. Ngazi za namna hiyo ni kitu cha kawaida mjini humo. Watu huzitumia kuhamisha makochi na makabati kupitia madirishani. Wanaume wawili waliovaa vizibao vya reflekta walipanda, wakakata dirisha kwa grenda, wakavunja makabati ya vioo na kushuka na vito vya kifalme vilivyokadiriwa kuwa na thamani ya euro milioni 88. Wenzao wawili walikuwa chini na pikipiki. Shughuli nzima haikufika dakika 8.

Miaka 114 kabla ya hapo, jumba hilohilo liliibiwa na mtu mwingine aliyevaa nguo za kazi. Yeye hakuwa na grenda wala haraka, na kisa chake kinastahili kusimuliwa taratibu.

Wakati ule Louvre ilifungwa kila Jumatatu ili mafundi wafanye usafi na matengenezo. Jumatatu ya 21 Agosti 1911, miongoni mwa watu waliokuwamo ndani alikuwemo Vincenzo Peruggia, kijana wa Kiitaliano wa miaka 29 kutoka Dumenza, kaskazini mwa nchi yake. Alikuwa amevaa koti refu jeupe, lile walilovaa wafanyakazi wa jumba. Wapo wanaoamini alijificha ndani tangu usiku. Mwenyewe alisema aliingia asubuhi pamoja na wafanyakazi wengine. Kwa vyovyote, njia alizijua. Aliwahi kuajiriwa na kampuni iliyopewa kazi ya kuwekea picha vioo, baada ya uongozi kuchoshwa na watu waliozichana kwa visu. Kioo kilichomkinga Mona Lisa ni kazi ambayo yeye mwenyewe alishiriki kuifanya.

Katika ukumbi wa Salon Carré aliiondoa picha ukutani, akaingia nayo kwenye ngazi za nyuma, akaitoa katika fremu na kioo chake na kuviacha hapo. Picha hiyo imechorwa kwenye ubao, si kitambaa, kwa hiyo haiwezi kukunjwa. Ina urefu wa sentimeta 77 na upana wa sentimeta 53. Aliifunika kwa koti na kuteremka hadi mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Akafungua skrubu za kishikio cha kitasa, akakitoa, na bado mlango haukufunguka.

Hapo ndipo alipotokea fundi bomba wa jumba. Alimkuta mtu mwenye koti jeupe amekwama ngazini, akimlalamikia kwamba kishikio hakipo. Fundi akamfungulia, kisha akashauri mlango uachwe wazi, asije mwingine akakwama. Simlaumu hata kidogo. Alifanya lile ambalo mfanyakazi muungwana humfanyia mwenzake. Peruggia akatoka na Mona Lisa hadi barabarani.

Siku ile nzima hakuna aliyepiga kelele. Kesho yake mchoraji Louis Béroud alikuja kuchora mandhari ya ukumbi ule, akakuta ukuta una misumari mitupu. Alipomuuliza mlinzi, aliambiwa bila shaka picha imepelekwa kwa wapiga picha. Jibu lilikuwa na mantiki, maana kazi za sanaa zilihamishwa mara kwa mara kwa ajili hiyo. Béroud akasubiri, hatimaye akamsihi mlinzi aende kuulizia. Wapiga picha wakasema hawanayo.

Louvre ilifungwa kwa wiki nzima, na mkurugenzi wake, Théophile Homolle, ambaye wakati wa wizi alikuwa likizoni, akapoteza kazi. Milango ilipofunguliwa tena, watu walipanga foleni kuitazama nafasi tupu ukutani. Mwandishi Franz Kafka alikuwa mmoja wao.

Polisi walimtafuta mtu mkubwa, na hapa ndipo ninapoona kosa lao halisi. Magazeti yalizungumzia mamilionea wa Marekani na majasusi wa Ujerumani. Mshairi Guillaume Apollinaire aliwekwa rumande siku kadhaa mwezi Septemba, na Pablo Picasso akaitwa kuhojiwa. Kumbe kwenye kioo kilichoachwa ngazini palikuwa na alama ya dole gumba. Peruggia alikwishakamatwa mwaka 1908 na 1909 kwa makosa mengine, na alama zake zilikuwa katika kumbukumbu za polisi. Lakini mafaili ya mtaalamu wao, Alphonse Bertillon, yalipangwa kwa vipimo vya mwili. Ukiwa na alama ya kidole pekee, bila jina, hukuweza kumpata mwenyewe. Polisi walifika hata chumbani kwa Peruggia, kwa sababu aliwahi kufanya kazi Louvre. Wakamhoji, wakaridhika, wakaondoka. Picha ilikuwa kwake muda wote, ikaishia kukaa katika sanduku la mbao lenye kitako cha bandia.

Ilikaa Paris miaka 2 na zaidi. Desemba 1913 aliipeleka Florence kwa Alfredo Geri, mfanyabiashara wa vitu vya kale, baada ya kumwandikia barua kwa jina la Leonardo, lile la mchoraji wa Mona Lisa. Geri alikuja hotelini pamoja na Giovanni Poggi, mkurugenzi wa jumba la sanaa la Uffizi. Wakaikagua, wakamtuliza kwa maneno, kisha wakawaita polisi. Tarehe 4 Januari 1914 Mona Lisa ilikuwa tena Louvre.

Mahakamani Peruggia alidai aliiba kwa uzalendo: Napoleon aliipora picha hiyo kutoka Italia, naye aliirudisha nyumbani. Waitaliano wengi walimshangilia, na adhabu yake ya mwaka 1 na siku 15 ikapunguzwa hadi miezi 7. Dai lile halina msingi. Leonardo mwenyewe ndiye aliyekwenda Ufaransa na picha hiyo mwaka 1516, ikaingia mikononi mwa mfalme Francis wa Kwanza karibu karne 3 kabla ya Napoleon kuwa na jeshi. Na Peruggia alimwomba Geri fedha; mzalendo hafanyi hivyo.

Lakini alisema jingine pale kizimbani. Alieleza jinsi mafundi wenzake wa Kifaransa walivyomwita Makaroni, wakamwibia vitu vyake na kumtilia chumvi na pilipili katika divai yake. Hilo ninaliamini. Wakubwa wa Louvre na polisi wa Paris nao walimwona kibarua tu, na kwa miaka 2 hawakudhani kwamba kibarua angeweza kuichukua picha ile na kuiweka chumbani kwake.